Mbona simu ya tachi inakataa vidole vya mathe lakini vya mtoto inakubali?

#1 Mtu_wa_Githurai
Wakuu habari zenu. Mathe anauza mboga hapa soko ya Githurai, maisha yake yote ametumia kabambe, ile simu ya vitufe, sasa sisi watoto tukachanga tukamnunulia simu ya tachi ndio akue anaona picha za wajukuu na asome mambo ya chama kwa WhatsApp. Simu inamkataa. Anagusa mara ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu inafungua kitu ingine kabisa hata hakua anataka. Nikishika mimi inaenda sawa, mtoto wa sista wa miaka 3 anaitembeza kuliko mtu yeyote kwa hio nyumba. Juzi alitaka tu kuona kama pesa ya mteja imeingia akaishia kumpigia mwenyekiti wa chama video, mwenyekiti naye akashika akiwa na kitambaa cha kulala kichwani. Nimepeleka kwa fundi wa hapa steji, ameangalia akaniambia simu haina shida, shida ni vidole. Sasa nauliza, vidole nazo huharibika? Na huyu aliyegundua hii kitu alikua anafikiria vidole vya nani?

#2 Omosh_Kayole
Pole kwa mathe. Vidole vya wazee damu haifiki vizuri, na skrini inataka joto. Ndio maana hii baridi ya Julai simu inasumbua kila mtu asubuhi. Akue anasugua mikono kwanza.

#3 Dem_wa_Donholm
@Omosh kama ni joto basi kikombe cha chai kingefungua simu. Nimejaribu saa hii na chai inatoa moshi, kimya kabisa.

#4 FundiLuthuli
Huyo fundi mwenzangu amesema ukweli nusu, wacha nimalizie. Simu za siku hizi hazisikii joto na hazisikii nguvu, zinasikia umeme. Chini ya kile kioo kuna vijilaini vya oksidi ya indiamu na bati, madini inayopitisha umeme na bado unaona kupitia, vingine vimelala vingine vimesimama vinakatana kama neti ya dirisha. Simu inatuma kaumeme kadogo sana kwa hizo laini na kupima, mara 60 kwa sekunde na zingine zaidi ya hapo. Mwili wa mtu ni maji na chumvi, unapitisha umeme, kwa hivo ukisongesha kidole kinaiba chaji kidogo pale laini zinakatana, simu inaona hapa imepungua inajua umegusa hapa. Kikombe hakiibi kitu ndio chai ya dada hapo juu haikufungua chochote. Sasa mtu akiwa na sugu, ile ngozi ya juu ni kavu na ni nene, nyama yenye maji iko mbali na kioo, chaji inayoibiwa ni kidogo mpaka simu inaona ni upuuzi tu inaachana nayo. Watu wa mjengo wananiletea hio shida kila wiki.

Lakini kabla mlaumu mathe angalieni protekta, ile ya kubandika juu ya kioo kukilinda. Zile za soo za kando ya barabara gundi iko pembeni peke yake, katikati ni hewa. Hio hewa ndio inaua tachi.

#5 Kabambe_Forever
Kabambe haijawahi kuuliza mtu ngozi yake iko aje. Nimemaliza.

#6 Mtu_wa_Githurai
@FundiLuthuli asante. Protekta iko, ile ya kupewa ya bure dukani. Na sasa umenifanya niangalie mkono wa mathe vizuri. Anatumia kidole gumba cha kulia, kile anakatia sukuma. Mnajua vile mama mboga hushika kifungu hewani kisu kikikuja kwa gumba? Hapo kwa gumba kuna sugu imepasuka pasuka na ule ukijani umeingia kwa mistari hautoki hata na jiki. Nikamwambia ajaribu kidole cha kati cha kushoto, ikashika mara moja. Halafu ikakataa tena.

#7 Tech_Mtaani
Kwa lile swali la mwisho, aliyegundua tachi ni Steve Jobs 2007. Uzi umeisha.

#8 Mzee_wa_Buruburu
Kijana, uzi ndio unaanza. IBM waliuza simu ya tachi inaitwa Simon mwaka wa 1994, ilikua na kalenda, barua pepe, faksi, unapiga namba kwa kioo. Dola 899 ukichukua na mkataba wa laini, na betri ikikuhurumia sana ni saa moja. Kabla ya hapo 1993 hao hao Apple walitoa Newton ya kuandika na kalamu, watu wakaicheka. Palm Pilot ikakuja 1996. Hio 2007 wewe ulikua darasa la ngapi?

#9 Tech_Mtaani
La 3 mzee na sioni inahusiana wapi. Hizo zote ni za kukwaruza na kalamu. Mimi naongea kidole. Hata Jobs mwenyewe siku ya kuonyesha iPhone alizichekelea hizo kalamu.

#10 Msomi_wa_Usiku
Mkitaka kidole rudini nyuma zaidi. E. A. Johnson, Mwingereza, alikua anafanya kazi kituo cha rada cha serikali huko Malvern, aliandika makala fupi ya kwanza 1965 na nyingine ndefu 1967. Shida yake ilikua waongoza ndege, wale watu wanaangalia rada na wanataka kuingiza habari haraka bila kutafuta vitufe. Akaweka nyaya mbele ya kioo, ukizigusa na kidole umeme unabadilika. Ni ile ile kanuni ya Fundi hapo #4, ya chaji. Kwa hivo kwa jibu la mwenye uzi, aliyegundua alikua anafikiria kidole cha mtu wa ofisi anakaa kwa kiti ndani ya chumba kikavu.

#11 Mtu_wa_Githurai
@Msomi hapo umegonga. Kwa Githurai chumba kikavu ni cha nani.

#12 BodaNaNne
Mimi nikiwa na abiria, mvua imeshika Thika Road, glavu ziko mkononi, mteja mwingine anapiga, nagusa na pua. Pua haijawahi kukataliwa.

#13 Dem_wa_Donholm
@BodaNaNne tafadhali usiwahi kunibeba.

#14 BodaNaNne
Nasimama kwanza dada yangu. Kando ya barabara kabisa.

#15 Ticha_wa_Hesabu
Msomi amesema vizuri lakini kuna ya masomo amesahau. Chuo Kikuu cha Illinois walikua na mfumo unaitwa PLATO, ile ya nne ya 1972 mwanafunzi alikua anagusa jibu kwa skrini. Haikua ya chaji wala ya kubonyeza, ilikua ya mwanga usioonekana, miale imepita mbele ya kioo 16 kwa 16, ukiweka kidole unakata miale mashine inajua ni mraba gani. Hio hata ukiwa na sugu ya jembe ingekubali, hata rula ingekubali. Nasema hivi kwa sababu 2016 serikali ilipoanza kupeleka tableti shule za msingi watu waliongea ni kama ndio dunia inaona mtoto akigusa somo mara ya kwanza, na mambo yalikua yamefanyika zaidi ya miaka 40 nyuma.

#16 Mzee_wa_Buruburu
@Ticha na ile HP-150 ya 1983 ilikua ya miale pia. Kompyuta ya mezani, vishimo vidogo vidogo pembeni ya kioo ndio miale inatokea. Vumbi ikiingia kwa vishimo kwisha. Hebu fikiria hio kitu Eastleigh.

#17 Tech_Mtaani
Sasa hizo ni kompyuta. Mathe hakununuliwa kompyuta.

#18 Stima_Kali
Nimesoma yote, hakuna ameuliza swali la maana. Hio simu mathe anaitumia ikiwa kwa chaja ama imetolewa? Maana hizi chaja za bei rahisi hazichuji stima vizuri, zinaingiza kelele kwa simu. Ukigusa skrini wakati inachajiwa mwili wako na ardhi na chaja vyote vinaingia kwa hesabu moja, simu haijui ni kidole ama ni kelele ya chaja. Ndio unaona simu inaandika yenyewe, inacheza cheza. Mimi ni mtu wa waya, hii nimeona mpaka kwa mashine za kiwandani.

#19 Mtu_wa_Githurai
@Stima_Kali sasa ni vile umeuliza. Kwa soko huwa ameichomeka kwa ekstensheni ya jirani anauza simu za mitumba. Mchana kutwa.

#20 Stima_Kali
Si mnaona. Muache kumwambia mama wa watu ngozi yake ni mbaya.

#21 FundiLuthuli
@Stima_Kali ndugu yangu chaja mbaya inafanya simu ijiguse yenyewe. Mathe shida yake ni simu haioni akigusa. Ni vitu viwili.

#22 Stima_Kali
Ni kitu kimoja. Simu ikisikia kelele nyingi inajifanya ngumu, inapandisha kiwango, ile touch ndogo ya sugu inapita chini haionekani. Mletee chaja ya ukweli kisha uniambie.

#23 FundiLuthuli
Na mara ya tatu inafungua kitu ingine? Hio kelele nayo inachagua mwenyekiti wa chama?

#24 Omosh_Kayole
Bado nasema ni damu.

#25 Saiba_Umoja
Jameni mimi niko na saiba na kila siku nasaidia wazazi na mambo ya eCitizen, zile huduma za serikali za mtandaoni, na wacha niwaambie kitu hamjaona kwa sababu nyinyi wote mnaangalia simu hamuangalii mtu. Mtu aliyezoea vitufe hagusi, anabonyeza. Anasukuma kidole mpaka ukucha unakua mweupe halafu anangoja, kwa sababu kwa kabambe kitufe lazima kiingie ndani ndio ujue imeshika. Sasa simu ya tachi ukingoja hivo inahesabu umeshikilia, inaleta ile menyu ya kufuta ama kuhamisha, yeye hakuitaka, anashtuka anatoa kidole kwa kukivuta, simu inaona amevuta pembeni inafungua ukurasa mwingine. Ndio hio ya tatu inafungua kitu tofauti! Halafu angalia mkono wa kushoto ule umeshika simu. Wazee hushika na mkono mzima wasije wakaangusha, nyama ya kiganja inapanda juu ya ukingo wa kioo, simu inaona ni kama vidole viwili viko hapo. Mtoto wa miaka 3 hana hio historia, anapapasa tu. Simu iko sawa, protekta iko sawa, chaja iko sawa, mathe yuko sawa. Ni mazoea.

#26 Dem_wa_Donholm
Hii #25 ndio nimeamini.

#27 FundiLuthuli
Saiba amesema kitu. Lakini kidole cha kati kilishika gumba likakataa, mkono wa kushika ulikua tofauti lakini mazoea ni yale yale. Aelezee hapo.

#28 Saiba_Umoja
Kidole cha kati hajazoea kubonyezea kwa hivo hakisukumi. Umejijibu.

#29 Kabambe_Forever
Mna digrii ngapi hapa kwa sababu ya mama mmoja kusoma mesej? Kabambe, betri wiki nzima, tochi juu, 5 iko na kale kanundu unajua uko wapi hata gizani.

#30 Sikio_Moja
Kabambe umetaja kanundu ka 5, nimelazimika kuingia. Mimi sioni, nasikiliza huu uzi ukisomwa na simu. Hizi tachi zilipokuja tulijua tumeachwa, kioo laini hakina nundu, utapapasa nini. Halafu 2009 iPhone 3GS ikakuja na VoiceOver ndani, mwaka huo huo Android wakaweka TalkBack, na leo natumia tachi kuliko jamaa zangu wanaoona. Unapitisha kidole simu inakusomea kilicho chini yake, ukifika unapotaka unagonga mara mbili. Sasa mwenye uzi, ukishikilia vitufe viwili vya sauti kwa pamoja sekunde chache, simu nyingi za Android zinawasha TalkBack. Mtoto wa miaka 3 anaweza kufanya hivo bila kujua. Ikiwaka, mguso mmoja haufungui kitu. Angalieni hapo.

#31 Mtu_wa_Githurai
@Sikio_Moja asante sana kiongozi, nimecheki imezimwa. Na pia ingekua inaongea, nafikiri soko nzima ingejua. Ila hio ya vitufe viwili sikua naijua.

#32 Msomi_wa_Usiku
Mkirudi kwa historia, kuna watu wa Geneva pia, wale wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia. Mwanzo wa miaka ya 70 walikua wanajenga mtambo mkubwa wa kuzungusha chembechembe, SPS, na chumba cha kuuendesha kingejaa vitufe na swichi za kuzungusha ukuta mzima. Frank Beck na Bent Stumpe, huyu wa pili ni Mdenishi, wakasema badala ya ukuta wa vitufe tuweke kioo kimoja kinachobadilisha vitufe vyake. Kioo chao kilikua na sehemu 16 tu za kugusa, za chaji, na unaona kupitia. Mtambo ulipoanza 1976 waendeshaji walikua wanagusa kioo. Kwa hivo sababu haikua urembo, ilikua kukosa nafasi ya vitufe. Ni ile ile sababu ya simu.

#33 Mzee_wa_Buruburu
Na Sam Hurst wa Kentucky mbona mnamruka? Yeye alikua anataka tu njia ya haraka ya kusoma grafu, akatengeneza kitu unagusa kinakupa namba, 1971 akaanzisha kampuni, Elographics. Hio ndio ilizaa ile tachi ya kubonyeza, matabaka mawili yana nafasi kati, ukibonyeza yanagusana. Kwa miaka mingi mashine za maduka, za hospitali, za viwanda nyingi zilikua za mtindo wake. Hawa wengine waliandika makala, Hurst aliuza.

#34 Msomi_wa_Usiku
Mzee cha kwanza cha Hurst hakikua skrini. Hakikua kinaonekana ndani, ilikua kibao cha mezani. Kioo cha kuona kupitia kilikuja baadaye.

#35 Mzee_wa_Buruburu
Mtoto hazaliwi akitembea.

#36 Ticha_wa_Hesabu
Kwa hivo tuko na Malvern, Illinois, Geneva na Kentucky, kila mtu na shida yake na hakuna aliyekua anatafuta simu.

#37 Tech_Mtaani
Na hakuna kati yao mmeweza kukuza picha na vidole viwili. Hio ni Apple.

#38 Msomi_wa_Usiku
Chuo cha Toronto 1982 walikua na mashine inaona vidole zaidi ya kimoja. Bell Labs 1984. Na Apple walinunua kampuni ndogo ya Delaware, FingerWorks, 2005, ya mwalimu wa chuo na mwanafunzi wake. Hata simu ya kioo cha chaji, LG Prada ilitangazwa Desemba 2006, iPhone ikatangazwa Januari 2007. Hao walifanya watu waitake, hilo nakubali, lakini kugundua hapana.

#39 Tech_Mtaani
Kufanya watu waitake ndio kazi ngumu. Hayo mengine ni makala.

#40 Shabiki_wa_Mbao
Mnajua 2007 hio hio mwezi wa tatu ndio M-Pesa ilianza? Wao wakiangalia kioo sisi tulikua tunatuma pesa na kabambe. Tachi zilikuja kwa mwananchi wa kawaida 2011 hivi na ile Huawei IDEOS, ndogo kama kiberiti lakini kila mtu wa chuo alikua nayo. Kabla ya hapo mimi nilikua na Nokia 5800, ile ya kubonyeza, ilikua inakubali ukucha, kifuniko cha biro, funguo, chochote. Sasa kwa nini wasiuzie mathe ile?

#41 FundiLuthuli
@Shabiki zile za kubonyeza juu ni plastiki, inakwaruzika mpaka huoni, na mwanga unapotea kwa yale matabaka. Na kukuza picha kwa vidole viwili nyingi hazikua zinaweza. Lakini ni kweli, ukucha wa mathe ungetosha. Ziko bado kwa mashine za viwandani ambapo watu wanavaa glavu.

#42 Dem_wa_Donholm
Nimekumbuka kitu. Korea Kusini 2010 wakati wa baridi kali watu walikua wanaguza simu na soseji ndio wasitoe glavu. Nikashuka hapa steji nikanunua smokie. Jamaa ameipasua anataka kuweka kachumbari nikamwambia ngoja kwanza, nikafuta simu, nikagusa na ile ncha haijapasuliwa. WALAI IMEFUNGUA KAMERA. Muuzaji akachukua yake akajaribu pia. Watu wamesimama hapa kama wanane kila mtu na smokie.

#43 FundiLuthuli
Maji na chumvi. Si nilisema.

#44 Omosh_Kayole
Na iko moto. Joto. Si nilisema.

#45 Dem_wa_Donholm
@Omosh tumejaribu na ile baridi ya jana pia imeshika. Pumzika.

#46 BodaNaNne
Kwa hivo smokie iko na network kuliko mathe wa Githurai?

#47 Mtu_wa_Githurai
Heshimu mzazi wa mtu bana. Lakini nimecheka.

#48 Karani_wa_Sensa
Nilifanya kazi ya sensa Agosti 2019, ile ya kwanza bila karatasi, tuko na tableti. Usiku ule wa kwanza kulikua na manyunyu pale tulikua, na kila tone likianguka kwa kioo linachagua jibu. Unauliza mzee ana ng'ombe wangapi, kabla ajibu mvua imeshajaza. Nikawa naingia ndani ya nyumba za watu kwanza ndio niulize, na ukiingia unaletewa chai, na kazi haisongi. Mama mboga naye anamwagia mboga maji siku nzima ndio zisinyauke. Hebu muangalie kama mikono inakua kavu wakati anashika simu. Maji yanapanuka kwa kioo simu inaona kidole kikubwa isichokielewa, inakataa.

#49 Mtu_wa_Githurai
@Karani mikono huwa imelowa, anapangusa kwa leso halafu anashika. Sasa niko na protekta, sugu, chaja, mazoea, maji na damu. Nikamuulize mathe achague gani?

#50 FundiLuthuli
Fanya hivi bila kulipa mtu. Nenda mipangilio, kuhusu simu, gonga pale pameandikwa build number mara 7, itafungua menyu ya wasanidi. Ndani kuna kitu cha kuonyesha mguso uko wapi, iwashe. Sasa mwambie mathe avute gumba polepole kutoka juu mpaka chini, kisha kulia mpaka kushoto. Simu itachora mstari pale inaona kidole. Mstari ukikatika sehemu moja kila mara, hata ukivuta wewe, ni kioo. Ukikatika kila mahali kwa mathe na kwako uko mzima, ni ngozi ama protekta. Ukiruka ruka wenyewe ikiwa kwa chaja na ukichomoa unatulia, nitamnunulia Stima_Kali soda.

#51 Stima_Kali
Baridi. Na mandazi.

#52 Mtu_wa_Githurai
Nimefanya. Protekta nimetoa. Bila chaja gumba linachora vipande vipande, nusu inch, inapotea, nusu inch. Kidole cha kati kiko sawa mpaka nusu ya chini kinapotea pia. Kwa chaja gumba limechora vizuri kuliko bila chaja. Naelewa aje hio?

#53 Stima_Kali
Inategemea chaja. Zingine zinaunganisha mwili na ardhi vizuri touch inakua na nguvu.

#54 FundiLuthuli
Eti sasa chaja inasaidia. Soda imeniokoka.

#55 Saiba_Umoja
Alikua anasukuma ama anapapasa akichora? Kwa sababu kwa chaja waya unamzuia kushika na mkono mzima.

#56 Dem_wa_Donholm
Ajaribu glisirini kidogo kwa gumba. Shosho yangu anatumia, tena simu zingine ziko na sehemu ya kuongeza hisia ya kioo kwa mipangilio, ile ya watu wa glavu.

#57 Mzee_wa_Buruburu
Wakati nyinyi mnapaka simu mafuta, jeshi la maji la Marekani limeshatoka huko. Meli yao ya kivita, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore 2017, mabaharia 10 wakafa, na uchunguzi ukataja ule mfumo wa kuendesha kwa kioo, watu hawakujua ni nani anashika injini gani. 2019 wakasema wanarudisha mikono ya chuma ya kuvuta. Hata magari, wale wapimaji usalama wa Ulaya, Euro NCAP, kuanzia 2026 gari ikitaka nyota 5 lazima indiketa, honi, waipa na taa za hatari ziwe na kitufe cha kushika.

#58 Kabambe_Forever
MZEE!!! Sema tena hapo kwa kitufe.

#59 Teksi_wa_Pangani
Mkitaja magari mnanikumbusha machungu. Hii gari yangu ya kutoka Japan skrini yote ni Kijapani, redio ni Kijapani, nikirudi nyuma mama fulani ananiongelesha sijui ananiambia nini. Kuna siku niligusa kitu sauti ikapotea mpaka wa leo. Abiria wananiuliza kama nina bluetooth nawaambia iko, iko mahali humo ndani. Kuna mtu anajua kubadilisha lugha?

#60 Admini
Teksi fungua uzi wako kwa jukwaa la magari. Huu ni wa simu ya mathe.

#61 Shabiki_wa_Mbao
Admini wacha, tachi ni tachi. @Teksi nyingi haziwezi kubadilishwa lugha, watu hutoa hio wanaweka ya Android. Piga picha uweke hapa, kuna watu wanasoma Kijapani.

#62 FundiLuthuli
@Teksi usikubali mtu akuuzie ya elfu nne, kioo chake nusu ni cha kubonyeza na jua la mchana hutaona kitu. Nitumie ujumbe kando.

#63 Admini
Na biashara pia iko na jukwaa lake.

#64 Teksi_wa_Pangani
Picha hio hapo. Hio ya nyekundu chini kulia msiniambie niguse, nikigusa inafungua ramani na inasema niko Nagoya.